Ulimwengu Unaochezeka: Mwongozo Kamili wa Kuchagua na Kujenga Ulimwengu wa Mchezo wa Uhusika kwa Meza ya Dar es Salaam

Katika mchezo wa uhusika wa mezani, watu wanne au watano hukaa pamoja, kila mmoja akiwa na mhusika wake kwenye karatasi. Mmoja wao, msimulizi, anaeleza wahusika wako wapi na wanakabiliwa na nini. Wenzake wanasema wanafanya nini, na pale ambapo matokeo hayana uhakika, dadu inarushwa. Mchezo uliofungua njia hii, Dungeons & Dragons wa Gary Gygax na Dave Arneson, ulichapishwa Marekani mwaka 1974. Kanuni za michezo hii hujifunzwa kwa jioni moja au mbili. Kinachozikwamisha meza nyingi ni ulimwengu: msimulizi anasoma kurasa mia mbili za historia ya falme, anafika mezani, na wachezaji wanamuuliza, "Sasa sisi tunafanya nini?"

Msimamo wa mwongozo huu ni mmoja. Ulimwengu unaochezeka ni ule wenye shinikizo, yaani jambo moja linalombana kila mtu kila siku, tajiri na maskini, awe analitaja au halitaji. Ukilipata jambo hilo, visa vinajitokeza vyenyewe. Ukilikosa, hata ramani yenye rangi kumi na mbili haitakusaidia.

Kikao cha maandalizi

Usichague ulimwengu peke yako. Wakusanye wachezaji kwa saa moja kabla ya siku ya kwanza ya mchezo, na mwulize kila mmoja maswali matatu: unataka kupigana, kupeleleza au kufanya biashara na siasa? Unaweza kuja mara ngapi kwa mwezi? Ni mambo gani hutaki yaguswe mezani?

Swali la tatu halina mzaha. Meza ya Dar huwa na Waislamu na Wakristo pamoja, na mara nyingi nyumba ni ya wazazi wa mmoja wenu. Kubalianeni mapema kwamba dini za kweli hazitakuwa chanzo cha nguvu za wahusika, wala hakutakuwa na dua, aya au ibada halisi inayosomwa kwa kuigiza. Mzee wa nyumba akiuliza mnafanya nini, mwonyeshe karatasi na umwambie ni hadithi inayosimuliwa na watu wengi kwa zamu. Mchezo unaofichwa chumbani ndio unaozua maneno.

Kuhusu muda, siku za kazi ziacheni. Foleni ya jioni itawaleta watu kwa kupishana saa nzima, na aliyetoka Mbagala atakuwa amechoka kabla dadu haijarushwa. Jumamosi au Jumapili kuanzia saa nane mchana hadi saa kumi na moja na nusu inatosha. Wachezaji watatu hadi watano ni idadi nzuri. Wakifika sita, kila mtu anasubiri zamu yake muda mrefu mno na simu zinaanza kutoka mifukoni.

Malimwengu yaliyokwisha kuandikwa, na kinachoyabana

Tunaoupenda kuliko yote ni Athas, ulimwengu wa Dark Sun uliotoka mwaka 1991. Ni jangwa. Chuma ni adimu, hivyo watu wanapigana kwa silaha za mifupa, mbao na mawe. Hakuna miungu. Miji michache iliyobaki inatawaliwa na wafalme wachawi, na uchawi wenyewe unanyonya uhai wa mimea iliyo karibu, ndiyo sababu dunia ikawa jangwa. Shinikizo lake ni maji, na hapa msimulizi wa Dar ana faida kubwa, kwa kuwa wachezaji wake wanaujua uzito wa dumu.

Fanya hesabu hiyo mbele yao. Kanuni za toleo la tano la Dungeons & Dragons zinasema mhusika anahitaji galoni moja ya maji kwa siku, karibu lita 4, na mara mbili yake kukiwa na joto. Wahusika wanne wanaovuka jangwa kwa siku tatu watahitaji 8 mara 4 mara 3, yaani lita 96. Hayo ni madumu matano ya lita ishirini, karibu kilo mia, kabla ya chakula na silaha. Nani atabeba? Wakinunua mnyama wa mizigo, naye anakunywa. Wakipunguza maji ili wakimbie haraka, siku ya tatu mtu mmoja hatakuwa na nguvu za kupigana. Hakuna jini wala joka aliyetokea bado, na meza tayari inabishana. Kosa la kawaida ni msimulizi kuona hesabu hii inachosha na kuifuta, na Athas inabaki kuwa mchanga tu. Iweke. Chora miraba kwenye karatasi, mraba mmoja kwa kila lita 8, na mpe mchezaji mmoja kazi ya kuifuta kila jioni ya safari.

Eberron, ulioandikwa na Keith Baker na kutolewa mwaka 2004, unawafaa wanaopenda upelelezi. Vita vya karibu miaka mia moja vimeisha miaka miwili tu iliyopita, na nchi moja, Cyre, iliangamia kwa siku moja bila mtu kujua sababu. Kuna treni zinazoendeshwa kwa umeme wa kichawi, na kuna koo kubwa ambazo kila moja imeshika biashara yake: moja tiba, nyingine usafiri, nyingine ujumbe. Shinikizo ni amani isiyoaminika. Kila mtu mzima alikuwa upande fulani vitani, kwa hiyo kila mchezaji ajibu kabla ya kuanza: ulikuwa wapi siku Cyre ilipoangamia? Msimulizi asilijibu kamwe swali la nani aliiangamiza mpaka kampeni, yaani mfululizo wa vikao vya hadithi moja, iwe inafikia ukingoni. Waandishi wenyewe wameliacha wazi kwa makusudi.

Doskvol, mji wa mchezo Blades in the Dark wa John Harper, uliochapishwa mwaka 2017, ni wa wachezaji wanaotaka kuwa genge. Jua limevunjika, mizimu inazurura nje, na mji umezungushiwa uzio wa radi unaowashwa kwa damu ya majitu ya baharini. Hakuna pa kukimbilia, na hilo ndilo linalobana: ukimwibia mtu leo, kesho mtakutana naye mtaani. Hata usipoucheza, chukua kifaa chake kimoja, saa za maendeleo, ambazo tutazieleza mbele.

Traveller, mchezo wa anga za juu wa Marc Miller wa mwaka 1977, una kanuni moja inayobeba kila kitu: hakuna ujumbe unaosafiri haraka kuliko chombo, na kila mruko kutoka nyota hadi nyota huchukua karibu wiki moja, uwe wa karibu au wa mbali. Gavana wa pembezoni hawezi kumpigia mtu simu. Anaamua mwenyewe, na barua ya kumkemea itafika baada ya miezi. Ishike kanuni hiyo. Tutaihitaji tukifika pwani.

Mingine kwa ufupi. Barovia, nchi ya Ravenloft iliyoandikwa na Tracy na Laura Hickman mwaka 1983, imezungukwa na ukungu usiopitika na ina adui mmoja anayejulikana tangu mwanzo. Inafaa kampeni fupi ya msimulizi mpya, maana wachezaji hawawezi kupotelea mbali. Sigil, mji wa Planescape wa mwaka 1994, uko ndani ya pete kubwa na una milango ya kwenda kila mahali. Unavutia, lakini wachezaji hupotea humo, hivyo wape mtaa mmoja na milango mitatu tu. Glorantha ya Greg Stafford imejaa koo, mababu na matambiko, na mtu aliyekulia katika ukoo wenye mila ataielewa haraka, ila kuisoma kunataka subira ya miezi. Faerûn ya Ed Greenwood, iliyochapishwa mwaka 1987 kwa jina la Forgotten Realms, ina maandishi mengi kuliko meza yoyote inavyoweza kuyatumia. Ukiichagua, kata kijiji kimoja na mwendo wa siku tatu kukizunguka, mengine yaache.

Ulimwengu wowote utakaochukua, uandike upya kwenye karatasi moja ya A4, upande mmoja: shinikizo kwa sentensi mbili, mahali patatu, watu watano, majina yasiyozidi kumi kwa jumla. Jina la kumi na moja halikumbukwi na mtu. Na fasiri mazingira pamoja na maneno. Hadithi nyingi za Kizungu huanzia kwenye baa ya wasafiri, mahali ambapo mchezaji wa hapa hajui aketi vipi wala aongee na nani. Anzisha kwenye kijiwe cha kahawa, na kila mtu atajua papo hapo nani anazungumza, nani anasikiliza, na habari ya mjini inapatikanaje.

Vifaa

Kanuni za msingi za toleo la tano ziliwekwa chini ya leseni ya Creative Commons Januari 2023, na zinapakuliwa bure. Ni karibu kurasa 400, na hazina ulimwengu wowote ndani yake, ni kanuni tupu. Usizichapishe zote. Peleka steshenari kurasa za kupigana, za aina za wahusika mliowachagua, na karatasi ya mhusika kwa kila mchezaji. Zinazobaki zisome kwenye simu, ila zipakue kabisa, maana umeme ukikatika na intaneti ya nyumbani imekwenda.

Dadu ya pande ishirini ikikosekana, chukua dadu ya kawaida ya ludo na vifuniko kumi vya soda visivyopinda, andika 1 hadi 10 ndani yake kwa kalamu ya marka, uviweke kwenye mfuko wa kitambaa. Rusha dadu: ikitoka 1 hadi 3 soma kifuniko kama kilivyo, ikitoka 4 hadi 6 ongeza 10. Kifuniko kirudishwe mfukoni kila mara. Kisiporudishwa, namba zilizobaki zinakuwa na nafasi kubwa zaidi na hesabu yote inaharibika. Kifuniko kilichopinda nacho kitolewe, kwa kuwa vidole hukitambua. Usijaribu kujumlisha dadu tatu za ludo badala yake. Dadu ya pande ishirini huipa kila namba asilimia 5, lakini dadu tatu hurundika matokeo katikati: 10 peke yake ina asilimia 12.5, na 18 hutokea mara moja katika 216. Mchezo mzima unakuwa wa wastani.

Na kama meza iko chini ya pangaboi, bandika ramani kwa selotepu pembe zote nne.

Kujenga ulimwengu wa pwani yetu

Hapa ndipo tungependa meza za Dar zifike. Pwani ya Waswahili ya karne ya 14 ina shinikizo ambalo halihitaji kubuniwa: pepo za msimu. Kaskazi huleta majahazi kutoka Arabuni na Gujarati, kusi huyarudisha. Nahodha aliyechelewa hana la kufanya ila kungoja msimu ugeuke. Ukuu wa Kilwa ulitokana na hilo kwa sehemu kubwa. Chombo kilichotoka Arabuni kiliweza kufika Kilwa na kurudi ndani ya mwaka mmoja wa pepo, lakini kuendelea kusini hadi Sofala, kwenye bandari ya dhahabu, na kurudi nyumbani msimu uleule kulikuwa kugumu. Kwa hiyo dhahabu ililetwa Kilwa, na Kilwa ikatoza ushuru. Upepo ulipokomea ndipo fedha ilipokaa. Changanya hilo na kanuni ya Traveller ya ujumbe usioshinda chombo, na tayari una siasa: diwani wa bandari ya mbali anaweza kuasi mwezi wa Aprili, na mkuu wake akazipata habari akiwa hana upepo wa kumfuata.

Mnaweza kucheza Kilwa yenyewe. Mwaka 1331 msafiri Ibn Battuta alifika huko, wakati wa Sultani al-Hasan bin Sulaiman, na jumba la Husuni Kubwa lenye bwawa la pembe nane limebaki magofu hadi leo. Magofu ya Kilwa Kisiwani na Songo Mnara yamo katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO tangu 1981. Hata hivyo, kwa kampeni ya kwanza tunashauri bandari za kubuni zinazofuata mantiki ileile. Mchezaji anayejua historia hatakukatiza kukusahihisha, nawe utakuwa huru kuua watawala. Jambo moja liamuliwe kwenye maandalizi: utumwa ulikuwepo katika biashara ya pwani. Usiufute kana kwamba haukuwepo, lakini usiufanye bidhaa ambayo wahusika wa wachezaji wananunua na kuuza.

Anza na ramani. Gundisha karatasi nne za A4 upate sentimita 42 kwa 59, uzichore miraba ya sentimita 3. Utapata miraba 14 kwa 19. Pwani ishuke kutoka juu hadi chini, bahari upande wa mashariki. Weka bandari tano tu, kwenye mstari wa 2, 6, 9, 14 na 18 kutoka kaskazini. Umbali usiolingana ni wa makusudi: pengo la miraba mitano kati ya bandari ya tatu na ya nne ndipo maharamia, miamba na delta ya mikoko vinapokaa. Delta ya Rufiji itakupa picha kamili ya mahali ambapo chombo kinaingia na hakionekani tena.

Kisha kalenda. Kwa ajili ya mchezo tumeirahisisha hivi: Desemba hadi Machi ni kaskazi, Aprili ni maleleji, yaani kipindi cha upepo kugeuka, Mei hadi Oktoba ni kusi, Novemba ni maleleji tena. Chombo kinachosukumwa na upepo huenda mraba mmoja kwa siku. Kinachokwenda kinyume na upepo, mraba mmoja kwa siku tatu. Wakati wa maleleji rusha dadu ya ludo kila siku: 1 ni dhoruba, 2 na 3 hakuna mwendo, 4 hadi 6 mraba mmoja. Kutoka bandari ya kwanza hadi ya mwisho ni miraba 16, hivyo safari ileile ni siku 16 kwa upepo mzuri, siku 32 hivi kwa maleleji, na siku 48 kinyume. Wachezaji wakiona namba hizo wataanza wenyewe kuuliza tarehe. Hiyo ndiyo dalili kwamba ulimwengu umeshika.

Watajaribu kutembea kwa miguu ili waukwepe upepo. Waruhusu, kwa siku mbili kila mraba, lakini kila mdomo wa mto uwasimamishe mpaka wapate mtu wa kuwavusha. Nchi kavu ikiwa rahisi kuliko bahari, kalenda yako imekufa.

Kila bandari iandikie mistari minne: ina nini, inakosa nini, nani anaamua, nani anapinga. Mfano wa bandari ya tatu, tuiite Mwamba Mweupe. Ina chokaa bora na mafundi wanaoziba vyombo kwa pamba na sifa, yaani mafuta ya papa. Inakosa nafaka, na visima vyake vitatu kati ya vinne vimeanza kuwa na chumvi. Anayeamua ni diwani mwanamke, Mwana Mtama, aliyerithi kiti kwa kaka yake. Anayepinga ni tajiri wa kauri na vitambaa ambaye kisima cha nne kiko uani kwake. Hapo una kampeni ya vikao vitatu bila jini hata mmoja. Bandari nyingine nne ziache na mistari hiyo minne tu hadi wachezaji watakapozikaribia.

Sasa nyumba, na hapa tutulie kidogo, kwa sababu ndipo ulimwengu wa pwani unapoachana na kasri za Kizungu hata katika kupigana. Nyumba ya mawe ya pwani hujengwa kwa matumbawe na chokaa, na dari lake hubebwa na boriti za mikoko. Boriti haivuki zaidi ya mita tatu hivi. Kwa hiyo chumba kinaweza kuwa kirefu upendavyo, lakini upana wake unabaki chini ya mita tatu. Katika kanuni za toleo la tano mraba mmoja wa mapigano ni futi 5, karibu mita moja na nusu. Maana yake kila chumba cha nyumba ya mawe kina upana wa miraba miwili tu. Wawili wanaweza kusimama bega kwa bega, wa tatu anabaki nyuma. Mwenye silaha ya kupunga, kama upanga mrefu au shoka la mikono miwili, arushe mara mbili na kuchukua namba ndogo. Mwenye jambia au mkuki mfupi apige kama kawaida. Wachezaji waliozoea kumbi pana watashangaa kuona mtu mwenye kisu anawashinda mlangoni.

Mpangilio wa nyumba nao ni kifaa cha upelelezi. Nje kuna baraza, ambako yeyote anaketi. Mlangoni kuna daka, mgeni anapokomea. Kisha vyumba vinafuatana, na kadiri unavyoingia ndani ndivyo mambo yanavyokuwa ya siri. Ukutani kuna zidaka zenye vyombo vya kauri. Toa kanuni hii: kila hatua ya kuingia ndani bila kukaribishwa inaongeza ugumu kwa 5. Maswali ya barazani ni kiwango cha 10, yaani namba ambayo mchezaji lazima aifikie kwa dadu, ya daka 15, ya ndani 20. Mhusika mwenye ulimi mzuri na shikamoo iliyotolewa kwa mtu sahihi atafika mbali kuliko mvunja makufuli. Nani anamwamkia nani ni habari tosha. Tajiri akimwamkia kijana aliyevaa kikoi kilichochakaa, wachezaji wataelewa kuwa kuna kitu bila msimulizi kueleza neno.

Wahusika wenyewe wapeni kazi za pwani: nahodha, rubani anayezijua nyota na miamba, malenga, mhunzi, mwindaji wa ndovu kutoka bara, mganga wa mitishamba, karani wa ushuru. Malenga tumia kanuni za mhusika mwimbaji, ila nguvu zake zitoke kwenye kujibizana kwa beti. Mchezaji akitunga mizani nane zenye vina mezani, mpe nyongeza ya kurusha dadu mara mbili na kuchukua kubwa. Asiyeweza kutunga aeleze tu shairi linasema nini, asiadhibiwe.

Kwa viumbe visivyoonekana, chukua vichache na uwape masharti badala ya meno. Chunusi, anayesemwa kuwavuta waogeleaji chini ya maji, akae mahali pamoja panapojulikana, atake kitu kimoja, na wavuvi wawe na desturi ya kumpa. Kisa kinaanza desturi hiyo inapovunjwa. Kinyamkela aje na kimbunga cha vumbi na aondoke nacho. Kiumbe unayeweza kumuua kwa mapigo matatu hana tofauti na simba. Kiumbe unayepaswa kuafikiana naye unamkumbuka mwezi ujao.

Mwisho, zile saa za maendeleo za Doskvol. Chora duara, uligawe vipande 4, 6 au 8. Kila duara ni jambo linalokuja wachezaji wasipolizuia. "Kisima cha tatu kinafungwa" ni vipande 4. "Tajiri anamgeuza mkuu wa askari" ni 6. "Majahazi ya kigeni yanaondoka na kusi" ni 8. Baada ya kila kikao, au wachezaji wakishindwa jambo kubwa, jaza kipande kimoja au viwili. Ziweke saa hizo wazi mezani. Wasimulizi wengi huzificha wakidhani wanalinda mshangao. Matokeo yake ni kwamba maafa yanapofika wachezaji wanahisi wameonewa. Wakiiona saa ikijaa watachagua wenyewe ipi waiache, na hapo hawawezi kukulaumu. Saa tatu kwa wakati mmoja zinatosha. Tano zikigeuka kwa pamoja, meza inakata tamaa.

Dar ya leo kama uwanja wa mchezo

Mji tunaoishi nao unaweza kubeba mchezo wa magenge kwa mtindo wa Doskvol, katika Dar ya miaka hamsini ijayo au yenye majini chini ya Kariakoo. Jiografia inakusaidia. Kati ya Magogoni na Kigamboni kuna mkondo mwembamba wa bahari wenye njia mbili za kuvuka: pantoni, na Daraja la Nyerere la mita 680 lililofunguliwa mwaka 2016. Kukimbia kokote kunakuwa uamuzi: pantoni ni karibu lakini unasubiri, na umefungwa ndani na wanaokufuata, daraja ni wazi lakini ni mzunguko mrefu na lina kizuizi cha tozo. Tumia sehemu kama hizo, ambapo mwili wa mji wenyewe unawabana wahusika. Epuka viongozi halisi na majirani halisi. Mtaa uwe wa kweli, watu wawe wa kubuni.

Kikao cha kwanza

Dakika ishirini za mwanzo kila mchezaji amtambulishe mhusika wake kwa jina, kazi, na mtu mmoja anayemdai au anayedaiwa naye mjini. Andika madeni hayo. Ndiyo yatakayokulisha vikao vitatu vijavyo. Usisome historia ya ulimwengu kwa sauti. Soma sentensi mbili za shinikizo, kisha anza jambo likiwa tayari linatokea. Kwa Mwamba Mweupe: ni tarehe 20 Machi, wahusika wako barazani, na mtumishi anatoka mbio akisema maji ya kisima cha tatu yametapisha watoto. Malizia na swali: mnafanya nini?

Kisha nyamaza. Msimulizi mpya huogopa kimya cha nusu dakika na kukijaza kwa maelezo, na wachezaji wanajifunza kumngoja. Acha waongee.

Saa mbili za katikati zitoshe kwa maeneo matatu na ugomvi mmoja. Mapigano ya wahusika wanne dhidi ya maadui wanne huweza kula karibu saa nzima kwa watu wapya, kwa hiyo mawili kwa siku moja yatakumeza. Mchezaji akiuliza jambo ambalo hukuliandaa, mrudishie: "Wewe umekulia hapa, kisima hicho kilichimbwa na nani?" Jibu lake liandike, na tangu hapo ndiyo kweli ya ulimwengu huo. Robo saa ya mwisho isiwe ya mchezo. Jazeni saa, andikeni tarehe ya kalenda, kubalianeni siku ya kukutana, na mwulize kila mmoja mhusika wake anakusudia kwenda wapi. Kwa swali hilo utaandaa bandari moja badala ya tano.

Mtu akikosa kikao, mhusika wake yuko safarini au anaumwa, basi. Usiahirishe kwa ajili ya mmoja. Meza ikiahirisha mara mbili mfululizo, kwa kawaida haikutani tena.

Kampeni ya pwani ipangieni msimu mmoja wa upepo, vikao vinane hadi kumi. Tarehe ya kalenda ikifika Mei, majahazi yanaondoka, na kila mchezaji aamue kama mhusika wake anapanda au anabaki. Wanaobaki wanaendelea na kusi wakiwa na msimulizi mwingine. Mkabidhi ramani, kalenda, saa zilizojaa na zisizojaa, orodha ya madeni, na karatasi moja inayosema visima vipi bado vina maji matamu.